Kichaka cha miiba ambacho simu inakiita Crataegus: kutafuta kosa lilikoingia

Picha hunifikia jioni, watu wakishatoka shambani. Tawi limeshikwa mkononi, miiba mirefu, matunda mekundu, na nyuma yake udongo wa Kapchorwa au nyasi za Mbarara, hapa Uganda. Swali ni lile lile: "Mzee, simu imesema hii ni Crataegus. Sasa ni aina gani?" Wa mwisho kuniuliza alikuwa kijana wa huku kwetu upande wa Mlima Elgon, naye alikuwa na haraka. Alikuwa amesoma kwamba Ulaya majani na maua ya Crataegus hutumiwa kama dawa ya moyo. Mama yake ana presha, na sufuria ilikuwa tayari jikoni.

Nilimwambia aepue sufuria kwanza, tuzungumze baadaye. Kisha tukaanza kutafuta kosa limeingilia wapi. Njia za kosa hili ni chache, na kila moja ina dalili zake, ndiyo maana nimeona niziandike. Swali la aina huja mwisho kabisa. Kabla yake lipo swali la jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, na kabla ya jenasi lipo la familia, kundi linalokusanya jenasi zenyewe. Anayeanza na aina atatumia siku nzima kulinganisha majani ya mimea miwili ambayo haina hata undugu.

Chukua wembe, lenzi ya kukuza mara kumi ukiipata, na tawi lenyewe mkononi. Picha haitoi utomvu wala haikatwi tunda.

Simu inasema Crataegus, tena kwa uhakika

Programu hizi hufundishwa kwa picha, na vichaka vya miiba vyenye tunda jekundu vilivyopigwa picha kwa wingi ni vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako Crataegus imepandwa kuzunguka mashamba kwa karne nyingi. Ukiionyesha kichaka cha huku kwetu Sipi, itakupa sura inayokaribiana katika zile ilizozizoea.

Crataegus ni jenasi ya familia ya waridi, Rosaceae. Kwao ni nchi zenye majira ya baridi: Ulaya, Asia, Afrika ya Kaskazini, Marekani ya Kaskazini. Haimo katika mimea ya asili ya Uganda. Rosaceae zetu ni nyingine kabisa: enkenene za jenasi Rubus, ntasesa ambayo ni Prunus africana, Hagenia abyssinica ya misitu ya milimani, na zile Alchemilla zinazotandaa juu Rwenzori na Elgon. Tena mbegu ya Crataegus imefungwa ndani ya kokwa ngumu na haioti mpaka ipite kipindi kirefu cha baridi na unyevu. Mara nyingi huchukua zaidi ya mwaka tangu tunda lianguke. Kwa hiyo hata mtu akiuleta mche mmoja na kuupanda bustanini, usitarajie kuuona umejiotea malishoni.

Kichaka kilichojiotea porini Uganda, basi, anza kwa kudhani si Crataegus, halafu upime. Vipimo viwili humaliza kazi mara nyingi.

Cha kwanza ni mkao wa majani. Je, yametoka mawili mawili kwenye fundo moja, yakitazamana, au yanapishana, moja kulia, linalofuata kushoto juu yake? Ya Crataegus hupishana.

Cha pili ndicho ninachokipenda, kwa sababu mtoto wa shule anaweza kukifanya. Shika tunda kwa kikonyo chake na utafute mabaki ya ua. Kwenye pera, vile vijani vikavu vya ua vimebaki upande wa pili wa tunda, mbali na kikonyo, kama taji. Kwenye nyanya na biringani vimebaki pale pale kikonyo kinaposhika. Tunda la Crataegus ni kama pera: taji liko juu, mbali na kikonyo. Karibu vichaka vyote vya miiba vinavyochanganywa nayo hapa kwetu vina tunda la mtindo wa nyanya. Wapo ndugu wachache wa kahawa wenye miiba, kama Catunaregam ya kaskazini kukavu, ambao nao wana taji juu, lakini majani yao hutazamana, kwa hiyo kipimo cha kwanza kimeshawatoa.

Majani yanatazamana, na jani likikatwa linatoa maziwa

Hapa hakuna mjadala: Crataegus haina maziwa. Ukikata jani au kikonyo na utomvu mweupe ukajitokeza, umetoka kwenye familia ya waridi na kuingia Apocynaceae.

Mara nyingi kichaka hicho kitakuwa muyonza, ambao Waswahili wa pwani huuita mtandamboo, Carissa spinarum. Kila mtu aliyechunga mbuzi Ankole au Buganda ameshajaza mfuko kwa enyonza zake. Miiba yake hukaa miwili miwili kwenye fundo, imenyooka, na mara nyingine kila mwiba hugawanyika njia panda karibu na ncha. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje, yananukia vizuri, na petali zake, yale majani ya rangi ya ua, zimeungana chini kuwa mrija mwembamba. Ua la waridi halina mrija. Kila petali huchomoka peke yake. Tunda huanza jekundu, kisha huwa zambarau hadi nyeusi, tamu, na mabaki ya ua yako chini kwenye kikonyo.

Kama una miiba miwili miwili, maziwa na maua ya mrija, umemaliza.

Kama una maziwa na majani yanayotazamana lakini hakuna miiba, simama hapo hapo. Usionje, usichemshe, usimpe mtu. Ndani ya familia hiyo hiyo yumo msunguti, Acokanthera schimperi, unaoota pia Uganda kwenye vilima vikavu na pembezoni mwa misitu. Majani yake ni magumu, yanang'aa, yanatazamana. Maua ni meupe yenye wekundu, yananukia, yana mrija. Tunda linaiva zambarau. Nimeona tawi la msunguti na tawi la muyonza lililokatwa sehemu isiyo na miiba yakiwekwa mezani bega kwa bega, na watu wazima, wachungaji, wakayatazama muda mrefu kabla ya kusema neno. Kinachosaidia ni maua: ya muyonza hukusanyika kwenye ncha za matawi, ya msunguti hujibana kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linaposhika tawi. Tena rudi kwenye kichaka chenyewe, utazame matawi yote. Muyonza hauwezi kukuficha miiba kichaka kizima.

Mti na mizizi ya msunguti ndiyo iliyochemshwa tangu zamani Afrika Mashariki kupata sumu ya mishale. Kilichomo kinaitwa ouabain, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo, na kazi yake ni kwenye moyo. Sasa fikiria kijana yule: ameambiwa na simu kwamba ana mmea wa dawa ya moyo, na kichaka kilichoko mbele yake kinaweza kuwa kile kinachousimamisha moyo. Tawi lake lilikuwa na miiba, nashukuru, lakini yeye hakujua kama hilo lilikuwa na maana yoyote. Mtu akiwa ameshakunywa, mpeleke hospitali mara moja, na ubebe tawi lenye majani na matunda ili waganga waone. Na hata mmea ukiwa umetambuliwa sawasawa, mgonjwa anayemeza dawa za presha asiongezewe kitu kingine bila daktari wake kujua.

Majani yanapishana, yana meno, miiba ipo, tunda ni jekundu: kila kitu kinakubali

Hii ndiyo dalili inayowapoteza hata wanaojua mimea, na tawi la kijana lilikuwa hapa. Nilimwomba alilete. Alikuja asubuhi akiwa amelifunga kwenye jani la mgomba.

Majani yalipishana. Pembeni yalikuwa na meno madogo ya mviringo. Miiba ilitoka kwenye kwapa la jani, mmoja mmoja, na baadhi ya miiba ilikuwa imeota majani juu yake, maana kwa asili mwiba wa namna hii ni tawi lililogeuka. Hata mwiba wa Crataegus ni tawi lililogeuka. Hakukuwa na maziwa. Matunda yalikuwa makubwa kuliko njegere, mekundu yaliyoanza kuwa zambarau.

Nikampa tunda alishike kwa kikonyo. Taji halikuwepo. Kulikuwa na vijani vidogo vilivyokauka chini, kwenye kikonyo, na upande wa juu vijiti vifupi vichache, vyeusi, vimesimama kwa duara dogo. Vile ni mabaki ya stili, yaani njia za kupitishia chavua. Ukivitazama haraka utaviita taji. Kwa lenzi unaona kwamba ni vijiti, havina ubapa wa kijani cha ua. Nikalikata tunda kwa wembe, katikati, kwa kulala. Nyama yake ilikuwa na maji, ikachafua vidole, na mbegu zilikuwa saba, bapa, zimepangana. Crataegus monogyna, ile ya kawaida ya Ulaya, ina kokwa moja tu, na nyama yake ni ya unga unga kama kiazi kilichopoa.

Huyo ni mchongoma, Flacourtia indica. Kuna uthibitisho mmoja zaidi ukikuta maua: mchongoma hauna petali kabisa. Maua ya kiume ni kifungu cha stameni za manjano, vile vijiti vinavyobeba chavua, na dume na jike kwa kawaida huwa miti tofauti. Ukikutana na kichaka kisichozaa hata siku moja, huenda ni dume. Kwenye shina la mti mzee utaona miiba iliyogawanyika matawi matawi, ile iliyozaa msemo wa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Jina lenyewe nalo ni chanzo cha kosa. Kwa Waswahili wengi "mchongoma" ni ua wowote wa miiba uliozunguka nyumba, uwe Flacourtia, uwe kayaba ya Afrika Kusini ambayo ni Dovyalis caffra, uwe kitu kingine kabisa. Mtu akikwambia "ni mchongoma tu", amekueleza kazi ya mmea. Bado hajakwambia mmea gani.

Taji liko juu, petali tano, stameni nyingi, na kiko kwenye ua wa nyumba

Sasa umefika karibu. Hii ni Rosaceae kweli, na hapa simu haikukosea sana. Kwenye miji yetu ya baridi kama Kabale, mmea wa uzio wenye miiba na vishada vya matunda ya rangi ya chungwa au mekundu ni wa kuutafuta kwanza kwenye jenasi Pyracantha. Ni ndugu wa karibu hata kwenye majina: Pyracantha crenulata ya milima ya Himalaya iliwahi kuandikwa Crataegus crenulata.

Tofauti ziko kwenye jani na kokwa. Jani la Pyracantha ni dogo, jembamba, halijakatwa mabawa, yaani ukingo wake haujagawanyika vipande, na mmea hubaki wa kijani mwaka mzima. Jani la Crataegus monogyna limekatwa kwa kina kuwa mabawa matatu hadi saba, na chini ya kikonyo cha machipukizi yenye nguvu kuna vijani viwili vya pembeni vinavyoonekana wazi. Kata tunda: Pyracantha ina vikokwa vitano. Ukikuta mmea unaofanana lakini hauna mwiba hata mmoja na jani halina meno, geukia Cotoneaster.

Haikubali popote hapo juu

Tazama mishipa ya jani. Mitatu ikianzia pamoja kwenye kikonyo na kupanda hadi juu, na miiba ikiwa miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, ni jamii ya mkunazi, Ziziphus. Jani lisilo na meno, mwiba mmoja kwapani, tunda la manjano au chungwa, na harufu ya lozi chungu ukilifikicha jani: mtundakula, Ximenia americana. Jani la kijani-kijivu, kikonyo chekundu, na tunda kavu linalopasuka lenyewe na kuonyesha mbegu: Gymnosporia senegalensis. Hii ya mwisho hudanganya ikiwa na maua, kwa sababu ni meupe, madogo, yamejaa, hesabu stameni. Zikiwa tano tu, na katikati kuna kisahani cha nyama, si ya familia ya waridi.

Mmea umeutambua, lakini vitabu viwili vinatoa majina mawili

Usirudi nyuma, pengine hukukosea. Muyonza utaukuta kama Carissa edulis kwenye maandishi mengi ya zamani. Carissa spinarum ni jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1771, limetangulia, na sheria ya majina ya mimea hulipendelea la kwanza pale wataalamu wanapoamua kwamba spishi, yaani aina, hizo mbili ni moja. Gymnosporia utaikuta kama Maytenus. Mchongoma utaukuta kwenye familia Flacourtiaceae, familia ambayo haitumiki tena, kwa kuwa uchunguzi wa DNA uliigawa na mchongoma ukahamia Salicaceae. Mmea umebaki ule ule.

Mradi mkubwa wa kuandika mimea yote ya Uganda, Kenya na Tanzania ulianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, ukiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka 60 ni mingi, na majina ya juzuu za mwanzo yamepitwa na mengi. Ukisoma humo utaona Uganda imegawanywa U1 hadi U4: kaskazini, magharibi, mashariki na Buganda. Ukipata jina la mmea wako lakini kanda yako haimo, usilitupe. Rudia kipimo, kisha chukua kielelezo kizuri, yaani tawi lililobanwa kwenye magazeti mpaka likakauka, kwa sababu huenda wewe ndiye wa kwanza kuuleta kutoka huko.

Ni Crataegus ya kweli, lakini aina haikamatiki

Hili huwapata waliopokea tawi kutoka Ulaya au Marekani, au wanaofanya kazi na vielelezo vya zamani. Anza na stili kwenye ua au kokwa kwenye tunda. Moja: Crataegus monogyna, iliyopewa jina na mtaalamu wa mimea Jacquin 1775, na jina lenyewe linasema moja. Mbili au tatu, na jani lenye mabawa mafupi yasiyokatwa kwa kina: Crataegus laevigata. Zikichanganyika kwenye kichaka kimoja, tunda hili kokwa moja, lile mbili, una chotara wa hizo mbili, Crataegus × media, na hakuna kosa la kurekebisha.

Zile za Marekani ndizo ngumu. Nyingi hutengeneza mbegu bila yai kurutubishwa, kwa hiyo mtoto ni nakala ya mama. Nyingine zina seti tatu au nne za kromosomu badala ya mbili, nazo huzaana na jirani pia. Matokeo yake ni makundi madogo madogo, kila moja limesimama na sura yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 Charles Sprague Sargent wa Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake Ashe na Beadle waliyapa majina ya spishi kwa mamia. Waliofuata wameyaunganisha mengi. Kwa tawi la namna hiyo, jina la jenasi na kundi linatosha kabisa. Hesabu stameni, andika rangi ya chavulio, yaani kichwa cha stameni, likiwa bichi, kwa kuwa likikauka rangi hupotea, na usijilazimishe kuandika zaidi ya unachokiona.

Kielelezo kimeharibika kabla hakijafika

Majani yamekuwa meusi: magazeti hayakubadilishwa. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei, badilisha kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Majani yamedondoka yote: tawi lilikaa muda mrefu kwenye mfuko wa plastiki likapata joto, libane kwenye gazeti siku ile ile ulilolikata. Matunda yameoza: yakate mawili kabla ya kuyabana, au yaweke kwenye chupa ya spiriti yenye namba ile ile ya tawi. Miiba imetoboa kila karatasi: punguza ncha kwa mkasi, lakini acha angalau miwili mizima na uandike urefu wake.

Tawi liwe na urefu wa gazeti lililokunjwa, lenye majani makubwa na machanga, maua au matunda, na vyote viwili kama vipo. Ukilipeleka hebaria ya Makerere, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambatisha karatasi yenye mahali, mwinuko, tarehe, urefu wa kichaka, rangi ya ua likiwa bichi, kama lina maziwa au halina, majani yanapishana au yanatazamana, na jina ambalo wenyeji wanalitumia pamoja na lugha yao. Jina la simu usiliandike kwenye karatasi hiyo. Kijana aliandika yake kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka: mchongoma, Kapchorwa, kando ya njia ya mifugo, hauna maziwa, mbegu saba.